Nondo wa nguo: namna ya kuwatoa kabatini kabla hawajamaliza masweta, joho na zulia

Huku Arusha baridi ikishaanza, kuanzia mwezi wa tano mwishoni hivi, watu wanatoa masweta na makoti waliyoyafungia tangu mwaka jana na ndo kelele zinaanza, shimo hapa, shimo pale, lawama zinaenda kwa panya, kwa dobi, kwa dada wa kazi, na mara nyingine kwangu mimi niliyeuza koti lenyewe. Nauza makoti na masweta ya mtumba kwahiyo hawa wadudu ni majirani zangu wa siku nyingi. Naandika hapa vitu vinavyofanya kazi kweli, na vile ambavyo ni kupoteza hela tu tuviseme pia.

Kwanza umjue mwenyewe. Nondo wa nguo ni mdogo sana, ukubwa wake ni milimita 6 au 7 akiwa amekunja mabawa, rangi ya nyasi kavu yenye kung'aa kidogo, na kichwani ana vinyweleo vya wekundu wekundu. Hapendi mwanga. Hiyo ndo alama kubwa kuliko zote, maana wale vipepeo vya usiku vinavyozunguka taa sebuleni havina habari na nguo zako, wala wale wanaotoka kwenye gunia la unga jikoni. Huyu wa nguo ukifungua kabati anakimbia kwenye mikunjo, anajificha. Na mwenye kuruka ruka mara nyingi ni dume, jike lenye mayai linatembea tu au linadundadunda chini, sa we unahangaika na ndala kumpiga dume hewani, jike liko ndani ya mfuko wa koti linamalizia kutaga.

Alafu huyu mwenye mabawa hali chochote. Mdomo wake haufanyi kazi, anaishi wiki mbili tatu kwa nguvu alizokula akiwa kiwavi, anapandana, anataga mayai kama 40 au 50, anakufa. Anaekula nguo ni mtoto. Kiwavi cheupe cha maziwa, kichwa cha kahawia, kikikua kabisa kinafika sentimita 1 na kidogo. Kwenye joto yai linaanguliwa ndani ya wiki moja hivi, kwenye baridi wiki tatu, na kiwavi kinaweza kumaliza kazi ndani ya miezi miwili au kikakaa ata miaka miwili kama chakula ni kidogo na hali ya hewa ni ya baridi. Kwahiyo usipomuona nondo hata mmoja anaruka haimaanishi kabati ni salama, na ukimuona mmoja ujue kuna kizazi kizima kilishakula kikashiba kabla yake.

Kinakula nini? Protini inayoitwa keratini, ile ya kwenye nywele, manyoya, kucha, sufu. Wadudu wachache sana wanaweza kuisaga hiyo kitu tumboni. Kwahiyo hatarini ni sweta la sufu, koti la kashmiri, suti ya sufu, zulia la Uajemi, shali, mto wa manyoya, kofia ya manyoya, ngozi ya mbuzi yenye nywele zake, na hariri nayo wanaigusa. Na hili akina dada wengi hawalijui: wigi ya nywele halisi ni chakula tosha, ile uliyoinunua kwa hela nyingi ukaiweka kwenye boksi chini ya kitanda bila kuiosha. Wigi ya plastiki haina shida. Wana ndugu yao huku kwetu Afrika anaekula pembe, anaitwa Ceratophaga vastella, ukipita porini ukakuta fuvu la nyati la siku nyingi, pembe zimechomoza vimirija vigumu vigumu kila mahali, hiyo ni kazi ya viwavi vyake. Pembe nayo ni keratini ile ile, sasa kama ukoo huu unakula pembe ya nyati sweta lako ni nini.

Pamba, kitani, polista, akriliki, nailoni hawali. Yale mablanketi na mashuka ya kimasai mengi ya siku hizi ni akriliki au pamba, yako salama. Isipokuwa yakiwa machafu. Jasho, mchuzi uliomwagika, mkojo wa mtoto, mafuta ya nywele kwenye kola, kiwavi kinakuja kwa hayo na kikitafuna uchafu kinatafuna na kitambaa. Na nguo za mchanganyiko, sufu nusu polista nusu, kinachomoa sufu na kukuachia wavu.

Kama nguo imekatwa lebo, na mtumba mwingi unakuja hivo, fanya hivi: vuta uzi mmoja mdogo kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibano, uchome na kiberiti juu ya sinki. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika kwa vidole ni sufu au hariri. Ukiyeyuka ukawa kipunje kigumu cheusi ni plastiki. Ukinuka karatasi ni pamba. Mi hii ndo naifanya pale belo inapofunguliwa, ata muuzaji akiapa vipi.

Hakikisha ni nondo kweli kabla hujatumia hela. Shimo la nondo halina umbo, moja dogo moja kubwa, yametawanyika, na mara nyingi pembeni yake sufu imelimwa juu juu kama jani lililoliwa nusu. Angalia chini ya kola, ndani ya mapindo, kwapani, nyuma ya vifungo. Utaona nyuzi nyuzi za utando na punje ndogo kama mchanga. Hizo punje ni kinyesi, na kina rangi ya nguo, sweta jekundu kinyesi chekundu, kwa sababu rangi ya kitambaa inapita tumboni bila kubadilika. Ukiona hivo usitafute ushahidi mwingine. Lakini kama tisheti yako ya pamba ina vitobo vidogo mbele tumboni, hapo ni mkanda au zipu au meza ya jikoni, nondo hayumo. Kama kitambaa cha pamba chenye wanga au vitabu vimekwanguliwa juu juu ni yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha anaekimbia sakafuni usiku. Ukikuta ngozi ngozi ndogo zenye vinyweleo, zimevuliwa, huyo ni mbawakawa wa zulia, ambaye nae anakula sufu na dawa yake ni hizi hizi nitakazozieleza, kwahiyo usiumize kichwa kutofautisha.

Watu wa Dar, Mombasa na Zanzibar mnawajua vile vidude bapa vya kijivu, kama mbegu ya tango, vinavyoning'inia ukutani bafuni, nyuma ya mlango, chini ya kitanda. Wengi wanafikiri ni uchafu au yai la mjusi. Kichukue kimoja ukiweke kwenye karatasi nyeupe ukae nacho dakika mbili bila kukisumbua. Upande mmoja utafunguka, kitatoka kichwa cha kahawia na vimiguu, kitaanza kujivuta na nyumba yake. Ukikizuia kitaingia ndani, kitageuka na kutokea upande wa pili, maana nyumba ina milango miwili. Huyo nae ni kiwavi cha nondo wa ukoo huo huo, nyumba ameishona mwenyewe kwa hariri yake na mchanga na vumbi la ukutani. Anapenda unyevu, ndo maana pwani wamejaa. Chakula chake kikubwa ni utando wa buibui, wadudu waliokufa, nywele zilizodondoka, lakini akikuta sufu hakatai. Dawa yake sio sumu. Toa utando wa buibui kila wiki, fagia nyuma ya kitanda na kabati, fungua madirisha bafuni pakauke. Akikosa utando na nywele anaondoka mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe, na ifanye siku ya jua ambayo huna ratiba nyingine maana inakula siku nzima. Toa kila kitu kabatini. Kila kitu, sio vile vilivyotobolewa tu, na viatu, na mabegi, na ile suti ya marehemu babu ambayo hakuna anaeigusa, hasa hiyo. Peleka nje, kung'uta, brashi kwa brashi ngumu kwenye mishono, mapindo, ndani ya mifuko na chini ya kola. Mayai ni madogo mno huwezi kuyaona vizuri lakini yamelala tu juu ya kitambaa na brashi inayaangusha. Viwavi vinachukia mwanga, nguo ikikaa juani vinaanza kujiangusha vyenyewe. Usiishie hapo lakini, jua la kamba haliui kila kitu, upande wa kivulini wa koti zito unabaki baridi kabisa.

Cha kuua ni baridi kali au joto kali, basi. Mimi napenda friza. Weka nguo kavu kabisa kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga vizuri, weka friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri. Masaa 72 ndo kiwango cha chini kabisa, mi naacha wiki mbili ili nisiwe na mashaka, hasa kwa koti zito au zulia lililokunjwa ambalo katikati yake baridi inachelewa kufika. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja hakifiki huko, kinagandisha maji tu, usikitegemee. Friza ya kuku ya dukani inafika, ongea vizuri na mwenye duka, funga mifuko miwili miwili isije ikanuka kuku. Umeme ukikatika mpaka vitu vikalainika, anza kuhesabu upya, hakuna mjadala hapo, maana baridi ya nusu nusu wanaizoea. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka nguo irudi joto la kawaida, subiri mpaka kesho yake, maana ukifungua papo hapo hewa yetu ya unyevu inaingia inageuka maji juu ya nguo, ukungu unaanza na umebadilisha tatizo moja kwa lingine.

Joto: kufua kwa maji ya nyuzi 55 hadi 60 kunaua yai, kiwavi na mwenyewe. Shida ni kwamba sweta la sufu ukiliweka humo linatoka saizi ya mtoto wa chekechea. Sufu inafuliwa na maji ya uvuguvugu, bila kusugua, bila kukamua kwa kusokota, unaibana na taulo alafu unaitandaza chini kivulini ikauke, ukiining'iniza inarefuka. Maji hayo hayaui mayai yote kwahiyo ikishakauka inaenda friza. Suti na makoti peleka draiklina, ile dawa yao inaua hatua zote. Kama uko Muscat au Dubai mwezi wa saba una njia ya bure, nguo kavu kwenye mfuko mweusi, gari limefungwa vioo vyote juani kuanzia saa tano asubuhi mpaka jioni, ndani humo joto linapita nyuzi 50 bila shida, geuza mfuko mara mbili tatu. Usiweke humo kitu chenye gundi, ngozi au vifungo vya plastiki laini.

Wakati nguo ziko friza, kabati linabaki. Hapa ndo watu wanaharibu kazi nzuri. Viwavi vikishiba vinatoka kwenye nguo na kutafuta ufa wa kujifungia, kwahiyo viko kwenye maungio ya mbao, kwenye matundu ya skrubu, nyuma ya droo, chini ya karatasi mliyotandika, kwenye pindo la pazia. Vakyumu kama unayo, pitisha kile kimdomo chembamba kwenye kila ufa, alafu mfuko wa vumbi utoke nje ya nyumba siku hiyo hiyo, usiuache ndani vitaanguliwa humo. Kama huna, kijiti chenye kitambaa kilicholowa maji ya moto ya sabuni, ufa kwa ufa, pakauke kabisa. Zulia ligeuze. Wanakula pale ambapo mguu haufiki, chini ya sofa, chini ya kitanda, kwenye kingo zinazogusa ukuta, sehemu mnayokanyaga kila siku haina kitu. Na kama wanarudi kila mara bila sababu panda darini, kiota cha njiwa cha zamani au panya aliyekufa huko juu ana manyoya, nao wanazaliana hapo wanashuka. Mtu anafukiza kabati kila mwezi kumbe kiwanda kipo juu ya kichwa chake.

Ukitaka kupuliza dawa kwenye nyufa tafuta yenye pareto au permethrini, ile pareto ya kwenye maua meupe yanayolimwa Nakuru na Mufindi. Puliza mbao na nyufa, usipulize nguo, subiri ikauke kabla hujarudisha chochote. Kama nyumbani kuna paka, permethrini ni sumu kali kwake, mtoe mpaka kila kitu kikauke, na tanki la samaki nalo lifunikwe.

Sasa vile vidonge vyeupe vya nafthalini, maana najua ndo ulichokuwa unasubiri. Vinafanya kazi pale tu ambapo mvuke wake umefungiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa na ukajaa humo. Kabati linalofunguliwa kila asubuhi halikidhi hilo, unachopata ni harufu tu na nondo wanaendelea. Alafu kuna hili ambalo kwetu sisi ni zito zaidi kuliko kwa Mzungu: nafthalini inavunja chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, upungufu ambao unarithiwa na umeenea sana kwenye maeneo yaliyokuwa na malaria, pwani yetu yote, na Oman ni wengi mno. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akifunikwa na blanketi lililokaa na vidonge anaweza kupata manjano na upungufu mkali wa damu, imeshatokea hospitalini sehemu nyingi duniani. Na mtoto mkubwa kidogo anaviona ni pipi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuviuza tangu 2008. Mimi dukani kwangu haviingii, na nguo za mtoto nakuomba usiziweke navyo kabisa kabisa.

Karafuu, majani ya mwarobaini yaliyokauka, mpachori, kafuri, mbao ya mtarakwa. Bibi zetu wa pwani hawakuwa wajinga, harufu hizi zinamfanya jike asite kutaga na mafuta ya mtarakwa yanasumbua viwavi vichanga. Lakini haviui kiwavi kilichokwisha ingia, na harufu inaisha ndani ya miezi michache, karafuu zibadilishe, mbao ipige msasa ianze kunuka upya. Weka baada ya kusafisha, usiweke badala ya kusafisha. Kufukiza udi ni kuzuri kwa mengine, kwa nondo hakuna kitu.

Nizungumzie joho na kilemba kidogo maana hapa hasara inauma. Joho la harusi, lile la sufu lenye zari, kwa familia nyingi za Zanzibar na Oman ni moja linazunguka ukoo mzima, bwana harusi huyu anavaa, anarudisha, lina jasho shingoni, mafuta ya udi mabegani, tone la biriani mbele, linakunjwa linaingia sandukuni kusubiri harusi nyingine mwakani. Giza, uchafu wa mwilini, halisogezwi, sufu safi, nondo angeombewa dua asingepata zaidi ya hapo. Vilemba vya pashmina navyo hivo hivo. Weka sharti kwamba anaeazima anarudisha limetoka draiklina, na awaambie kuna zari wasilipige pasi ya moto. Likirudi, friza wiki mbili, alafu ndo lihifadhiwe.

Kuhifadhi chochote cha sufu ni hivi: kisafi, kikavu kabisa, kwenye mfuko wa zipu au ndoo yenye mfuniko unaobana, pwani weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vikusanye usivitupe. Foronya ya pamba iliyofumwa kwa kubana nayo inazuia kama utaishona mdomo. Usiweke sweta ulilolivaa mara moja tu ukasema bado safi. Kila mwezi au miezi miwili toa nje, kung'uta, rudisha. Wanachotaka wao ni utulivu, nguo inayosumbuliwa sumbuliwa hawaipendi.

Na mtumba ukiununua, pamoja na wa kwangu, usiuingize kabatini siku hiyo. Unakaa kwenye mfuko uliofungwa mpaka uende friza au draiklina. Belo limekaa godauni huko Ulaya, likakaa kwenye kontena, likakaa hapa, hakuna anaejua limelala na nani.

Mitego ya gundi yenye harufu ya jike inapatikana, Nairobi naiona zaidi kuliko huku. Inakamata madume peke yake kwahiyo haimalizi tatizo, lakini ining'inize moja kabatini, ikikaa miezi mitatu bila kunasa kitu ni dalili nzuri. Ikinasa, rudi kwenye brashi.

Nguo iliyokwisha tobolewa usiitupe. Shimo dogo kwenye sweta la kufuma, chukua uzi wa kutoka mshono wa ndani wa sweta lenyewe, rangi itaoana, ujaze kwa sindano nene ukipitisha juu chini juu chini, kwanza wima alafu ulalo. Koti zito lenye vitobo viwili vitatu fundi mzuri anachukua kitambaa cha kwenye pindo la chini anaziba usijue pako wapi. Ila kabla hujampelekea fundi lipite friza kwanza, kwa sababu cherehani yake imezungukwa na makoti ya watu wengine.